Ukiitwa kusimama na mtoto aliyesafirishwa

Mimi si wakili wala afisa ustawi. Nauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Kazi hii ya kusimama na watoto waliosafirishwa wakatumikishwe niliingia kwa sababu ya ulimi: najua Kisukuma na Kikerewe, na siku moja kulitakiwa mtu wa kumsemesha binti aliyekuwa amekaa kimya tu. Tangu hapo naitwa. Nakuandikia wewe unayeitwa kwa mara ya kwanza.

Usianze na "hebu nieleze ilikuwaje". Mpaka anakufikia, ameshaeleza kwa mjumbe, kwa askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, na kwa daktari aliyejaza PF3, ile fomu ya polisi ya hospitali. Kila akirudia, neno hili linaongezeka, lile linadondoka, na siku ya kesi wakili wa mshtakiwa atashikilia hapohapo. Muulize kama amekula. Yule binti aliletwa kutoka kisiwani kwa ahadi ya kufundishwa cherehani, akaishia kufua na kubeba watoto wa watu bila senti. Nilikuwa naenda na ungo wangu, nachambua dagaa pembeni yake. Siku ya nne akasogea, akaanza kuchambua naye. Maneno yalikuja yenyewe, nami nikayaandika vilevile alivyoyatamka, kwa Kikerewe, na tarehe juu.

Jitambulishe vizuri. Mwambie wewe si polisi, si ndugu yake, na hujatumwa na bosi, maana hilo la bosi ndilo analoliwaza. Usimwahidi siri: akikutajia mwenzake aliyebaki kule, itabidi useme. Usimwahidi nyumbani pia. Nauli ya kumleta huyu wangu mjini ilipokelewa na shangazi yake mwenyewe. Niliwahi kuona mtoto akipandishwa meli haraka haraka ili faili lifungwe. Haukupita muda nikamkuta mjini tena, kwa tajiri mwingine. Kabla hajarudishwa, ng'ang'ania afisa ustawi afike kwanza kwenye ile nyumba, aone nani analala humo na nani anashika hela.

Watakuja watu wa "tuyamalize kifamilia". Huja jioni, na soda, na mzee mmoja anayeheshimika. Waamkie, wape kigoda, kisha waambie jambo hili liko polisi, nawe huna mamlaka ya kulimaliza. Usiguse bahasha, hata wakisema ni ya sabuni ya mtoto.

Hoja zao utazisikia mbili. Ya kwanza, "huyu ni mtu mzima". Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo tafuta kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, au mwalimu mkuu wa shule aliyoandikishwa darasa la kwanza. Ya pili, "alikuja kwa hiari yake". Mtoto kukubali hakumwokoi aliyemsafirisha. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 haimpi mwanya huo.

Mahakamani, mwombe mwendesha mashtaka akuruhusu umpeleke mtoto mapema akaone chumba kikiwa kitupu: hakimu anakaa wapi, choo kiko wapi. Asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila lazima aahidi kusema kweli na si uongo. Mweleze maana ya ahadi hiyo. Ushahidi wenyewe usimfundishe hata neno moja; utaharibu kesi kwa mkono wako.

Uingereza wana sheria ya 2015 inayozungumzia watetezi huru wa watoto kama hawa, na inataka ofisi za umma ziwatambue na kuwapa taarifa. Mimi silaha yangu ni shikamoo na daftari la kurasa 96. Naandika nimeongea na nani, kaniahidi nini, lini. Siku ikifika nipo mlangoni kwake. Faili hulala, usiliache lilale peke yake. Ukikwama usiku, piga 116, simu ya watoto, haikatwi hela.

Picha usipige, hata ya mgongo.

Na siku ya kumtembelea, ukisema Jumanne iwe Jumanne, hata kama mvua imekata barabara na huna habari yoyote mpya. Yule binti wa Kikerewe alikuwa akihesabu siku kwa mkaa, nyuma ya mlango.