Kuitembea London kwa Siku Moja: Mwongozo kwa Mwanafunzi Mgeni

Kila mwaka wanafunzi wapya wanapowasili chuoni, mimi huwa mmoja wa wanaowatembeza London Jumamosi yao ya kwanza, na kila mwaka hukuta daftari zenye orodha ya sehemu kumi na tano zinazotakiwa kuonwa kabla ya jua kutua. Anayeifuata orodha ya namna hiyo hushinda chini ya ardhi, akishuka treni hii na kupanda ile, na jioni hana anachokumbuka zaidi ya ngazi za umeme. Njia ninayoieleza hapa inaanzia British Museum na kuishia St Paul's Cathedral, ni mwendo wa takriban kilomita 5, na inaweza kukamilishwa bila kulipa kiingilio mahali popote. Tower of London na Greenwich nimeviacha kwa makusudi, kwa kuwa kila kimoja kinastahili siku yake.

Hatua ya 1: Panga saa usiku wa kuamkia safari

Tovuti za makumbusho huandika saa kwa mtindo wa Kizungu, hivyo 10:00 ni saa nne asubuhi. Niliwahi kumwandikia mwenzangu kwamba tukutane "saa 4", naye akatokea alasiri, simu yake iliposoma 4:00. Tangu siku hiyo huandika saa zote za ratiba kama zinavyoonekana kwenye simu. Zingatia pia majira ya mwaka: mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, ilhali mwezi Juni hubaki angani hadi baada ya saa tatu usiku.

Weka nafasi ya British Museum kwenye tovuti yao. Ni bure, na hupunguza muda wa kupanga foleni. Pakua ramani ya jiji ili ifunguke bila intaneti, kisha uweke kwenye begi dogo kitambulisho cha mwanafunzi, chupa ya maji, betri ya akiba na koti la mvua. Begi kubwa litakuchelewesha, kwa sababu mizigo hukaguliwa milangoni.

Hatua ya 2: Tumia kadi moja tu kuanzia asubuhi hadi usiku

Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu mwaka 2014. Unaweza kutumia Oyster, yaani kadi ya nauli ya London, au kadi ya benki ya kugusisha, na mfumo huweka kikomo cha nauli ya siku, ambapo ukishakifikia hutozwi zaidi. Kwenye treni za chini ya ardhi unagusisha wakati wa kuingia na wakati wa kutoka; kwenye basi unagusisha unapopanda tu.

Kosa ninaloliona mara nyingi, nami nililifanya wiki yangu ya kwanza, ni kuingia kwa simu na kutoka kwa kadi. Hata kama zote mbili zimeunganishwa na akaunti ileile, mfumo huzihesabu kuwa vitu viwili tofauti na kuona safari mbili ambazo hazijakamilika, kisha kila moja hutozwa nauli ya juu kabisa. Mimi niligundua siku mbili baadaye, nilipokuwa nikishangaa salio langu.

Hatua ya 3: British Museum, kwa saa mbili zenye mpaka

Fika mlango unapofunguliwa na uende moja kwa moja kwenye jiwe la Rosetta kabla halijazungukwa na watu. Lilichongwa mwaka 196 kabla ya Kristo, likiwa na tangazo moja lililoandikwa kwa maandishi ya aina tatu, na kwa kuwa wataalamu waliweza kusoma Kigiriki kilichomo, walipata njia ya kuyafumbua maandishi ya kale ya Misri. Ukikuta umati umeshajaa, usisukumane. Ingia Chumba namba 1, ambako kuna nakala yake inayoruhusiwa kuguswa, upitishe vidole juu ya herufi.

Muda uliobaki utumie kwenye kumbi za Afrika zilizo ghorofa ya chini, ambazo wageni wengi huzipita bila kuzijua. Humo kuna vibao vya shaba vya Benin vilivyotekwa na wanajeshi wa Uingereza mwaka 1897, na ni vigumu kuvitazama bila kujiuliza vinafanya nini huku. Ulizia pia kiti cha enzi ambacho Cristóvão Canhavato wa Msumbiji alikiunda mwaka 2001 kwa vipande vya bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha mwaka 1992. Ukisogea karibu utaona kwamba matundu ya skrubu kwenye kitako kimoja cha bunduki yamekaa kama uso unaotabasamu.

Saa sita mchana (12:00) ikifika, toka, hata kama hujamaliza, maana hakuna anayelimaliza jumba hilo kwa siku moja.

Hatua ya 4: Trafalgar Square

Shuka kwa Charing Cross Road, ule chakula chako ukiwa umekaa uwanjani, kisha uingie National Gallery, ambayo nayo haina kiingilio. Nashauri uchague picha tatu tu. Mojawapo iwe ile ya Jan van Eyck ya mwaka 1434, yenye mwanamume na mwanamke walioshikana mikono chumbani: nyuma yao ukutani kuna kioo kidogo cha duara, na ndani yake wanaonekana watu wengine wawili wakiwa mlangoni, mahali uliposimama wewe mtazamaji.

Hatua ya 5: Vuka Westminster Bridge na ufuate mto

Teremka barabara ya Whitehall hadi kwenye mnara wa saa wa Bunge. Big Ben ni jina la kengele kubwa iliyomo. Mnara wenyewe unaitwa Elizabeth Tower tangu mwaka 2012. Pale darajani mara nyingi utakuta watu wakicheza mchezo wa vikombe vitatu na kitu kilichofichwa. Wanaoshangilia ushindi kwa kawaida ni wenzao, kwa hiyo usisimame. Simu pia usiishike kizembe ukingoni mwa barabara, kwani wanyakuzi hupita kwa baiskeli na kutoweka.

Ukishavuka, pinda kushoto na uufuate ukingo wa mto. Chini ya Waterloo Bridge kuna meza za vitabu vilivyokwisha kutumika, na hapo ndipo kundi langu hupotea kwa nusu saa kila mwaka, nami nimeacha kulalamika. Endelea hadi kwenye bomba refu la moshi la Tate Modern, jumba la sanaa la bure lililofunguliwa mwaka 2000 ndani ya kilichokuwa kituo cha kufua umeme. Ukiwa umechoka, ukumbi wake mkubwa wa chini unatosha.

Hatua ya 6: Daraja la miguu hadi St Paul's

Mbele ya Tate Modern ni Millennium Bridge. Lilipofunguliwa mwaka 2000 liliyumba kwa sababu watu, wakijaribu kujisawazisha, walianza kukanyaga kwa mdundo mmoja. Likafungwa baada ya siku mbili na kurudi kutumika mwaka 2002.

Kanisa lililo mbele yako lilijengwa na Christopher Wren baada ya moto mkubwa wa mwaka 1666. Watalii hulipa, lakini ibada ya jioni inayoimbwa na kwaya ni bure kwa yeyote, na siku nyingi huanza saa kumi na moja jioni (17:00), ila Jumapili huwa mapema zaidi. Hakikisha saa kwenye tovuti yao, fika dakika ishirini kabla, zima simu, na usipige picha, kwa kuwa hiyo ni ibada kamili.

Hatua ya 7: Kurudi

Usikimbilie treni. Panda basi namba 15 kuelekea Trafalgar Square, ukae ghorofa ya juu kwenye kiti cha mbele kabisa. Kutoka hapo ukipanda basi jingine ndani ya saa moja tangu ulipogusisha kadi, hutatozwa tena.