Kutafsiri kwa Kihispania kwa maneno machache katika shindano

Kabla ya kuanza kuandika, soma kanuni za shindano ujue kinachohesabiwa ni maneno au herufi. Ikiwa ni maneno, vibandike viwakilishi nyuma ya kitenzi pale sarufi inaporuhusu: «te lo quiero decir» (nataka kukuambia hilo) ni maneno manne, ilhali «quiero decírtelo», yenye maana ileile, ni mawili tu. Ikiwa ni herufi, faida hiyo hupungua sana, na utanufaika zaidi kwa kuandika «aún» badala ya «todavía», maana yote mawili ni «bado».

Virai virefu havina ugumu: «a pesar de que» huwa «aunque» (ingawa), na «con el fin de» huwa «para» (ili).

Nafuu kubwa imo katika vishazi vya wakati. Chukua sentensi «Mwalimu alipomaliza kusoma barua, alimrudishia mwanafunzi». Mtu anayefuata kila neno ataandika «Cuando el maestro terminó de leer la carta, se la devolvió al alumno», yaani maneno 13. Ukiandika «Leída la carta, el maestro la devolvió al alumno» (barua ikiisha kusomwa, mwalimu alimrudishia mwanafunzi), yanabaki 9, na hakuna tendo wala mtendaji aliyepotea. Hata hivyo, muundo huo ni wa maandishi rasmi. Katika mazungumzo ya wahusika ni afadhali kuanza na «Tras leer la carta» (baada ya kusoma barua), ingawa utaongeza neno moja.

Viwakilishi vya nafsi ndivyo vinavyotaka uangalifu zaidi. Kwa kawaida «yo», «él» na «ella» huachwa, kwa kuwa kitenzi chenyewe huonyesha nafsi, kama ilivyo kwetu. Lakini «cantaba» ni «nilikuwa nikiimba» na pia ni «alikuwa akiimba». Kwa hiyo «Nilipokuwa nikipika, alikuwa akiimba» haiwezi kuwa «Mientras cocinaba, cantaba», maana msomaji atadhani mpishi na mwimbaji ni mtu mmoja. Andika «Mientras yo cocinaba, ella cantaba», baada ya kuhakikisha katika matini kwamba mwimbaji ni mwanamke, kwani kiambishi a- hakisemi jinsia.

Vilevile usiitupe maana ya -ja-. «Hajafika» hubeba matarajio ambayo «no ha llegado» pekee haiyaonyeshi wazi. Andika «aún no ha llegado», hata kama mshindani wako atakuwa na neno moja pungufu.