Kabla ya kuwapeleka watoto Impala, Kisumu

Kabla hujawaambia watoto kwamba Jumamosi mnaenda Impala, amua kwanza mtafika saa ngapi. Hifadhi hii ya kando ya Ziwa Victoria, iliyo chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), iko kilomita tatu hivi kutoka katikati ya mji, na kwa kuwa ni ndogo, wazazi wengi husema, "Tutaenda tukishakula mchana." Saa saba jua la Kisumu linakuwa limewaka, simba na chui wamejilaza kivulini pembeni mwa vizimba vyao, na mtoto aliyeahidiwa simba anaishia kuona mgongo tu. Fikeni saa mbili na nusu, saa tatu hivi. Asubuhi wanyama bado wanatembea, na hata mvua ya alasiri, ambayo msimu wa masika haina adabu, itawakuta mmeshamaliza.

Malipo yafanye usiku wa kuamkia safari. Pesa taslimu hazipokelewi. Unalipa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mwenye kuhangaika na bando langoni huku mtoto anamvuta nguo huanza siku vibaya. Angalia viwango wiki hiyohiyo, kwa sababu hubadilika, na usisahau kitambulisho.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika hifadhi za taifa, kwa hiyo acha zile chupa za maji za dukani; beba chupa za kudumu, na chapati, mayai na matunda yaweke kwenye bakuli lenye kifuniko kinachobana. Kifuniko hicho ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa sababu ya tumbili. Mwanangu wa pili alikuwa na miaka minne alipokuwa anatembea nyuma yangu na ndizi mkononi. Tumbili alishuka taratibu, akaichukua, akarudi mtini. Hakumgusa mtoto hata kidogo, lakini mtoto alilia mpaka tukaondoka, na kwa wiki kadhaa akawa anakataa kwenda hata nyuma ya nyumba peke yake.

Tangu siku hiyo kwetu hakuna mtoto anayetembea akila. Tunakaa duara, watoto ndani, watu wazima nje, tunakula, tunafunika, ndipo tunainuka. Waambie watoto mapema: tumbili akishika kitu, mwachie. Usimnyang'anye, usimpe chakula, na usimchekee kwa kumwonyesha meno, kwani kwake hiyo ni vita. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo. Kipande cha sabuni hakikosi katika mkoba wangu.

Usiku wa kuamkia safari pia kaa na watoto mzungumze. Swala pala na punda milia hutembea huru humo ndani, na mtoto akiona punda milia karibu hutaka kumshika. Punda milia hupiga teke, tena huuma. Kubalianeni kwamba watamtazama mkiwa mmeshikana mikono.

Halafu wasimulie habari za nzohe. Ni swala wa kinamasi, mwenye kwato ndefu zinazopanuka ili asizame kwenye matope na mafunjo, na akishtuka hujificha majini, pua tu ikibaki juu. Watoto wetu wanajua simba wa kwenye televisheni, lakini hawajui kwamba mafunjo ya Dunga, hapo jirani tu, ni makao ya mnyama kama huyu. Mtoto aliyekwisha kulisikia jina hilo atamtafuta kwa macho yake mwenyewe, wala hatakimbilia kizimba cha simba na kuanza kuuliza mnarudi lini nyumbani.

Kofia kwa kila mtoto, viatu vya kufunika vidole, na nguo moja ya akiba kwa mdogo. Ufukweni msiwaruhusu kuchezesha miguu majini: ziwa letu lina kichocho, na viboko wapo. Mkikawia mpaka jioni, wavalishe mikono mirefu. Mbu wa huku wanaleta malaria.

Familia nyingi humalizia siku ufukweni Dunga kwa kula samaki. Ni wazo zuri, ila samaki mzima wa kukaangwa na ugali wake huchukua muda kufika mezani, na watoto waliotembea tangu asubuhi hawana subira hiyo. Bakiza chapati moja kwa kila mtoto, ikae kwenye bakuli, na kifuniko kibane.