Marufuku Yakirudi: Kodi ya Duka Lako Mombasa

Jioni ya tarehe 6 Mei 2020 Mji wa Kale ulifungwa kwa sababu ya korona, hakuna kuingia wala kutoka. Zilitangazwa siku 15, zikaongezwa mpaka Juni. Mikahawa nayo ikaamriwa kufunga. Fikiria mwenye mkahawa wa huko anayelala Kisauni: mkataba wake umo kwenye mtoto wa meza, kando ya jiko la chapati, naye yuko ng'ambo ya daraja la Nyali. Kwa hiyo la kwanza ni rahisi. Piga picha mkataba, risiti za kodi na ya amana, uwe nazo kwenye simu, na nakala nyingine ikae nyumbani. Kama ulitoa kilemba, yaani malipo ya kupewa mlango, ulipoingia, tafuta na karatasi yake. Wengi hawana.

Kisha usome huo mkataba. Ukiwa wa mdomo tu, au wa maandishi usiozidi miaka 5, upangaji wa duka, hoteli au mkahawa hulindwa na Sura 301 ya sheria za Kenya. Watu hudhani asiye na karatasi hana haki. Hapa mambo ni kinyume. Mwenye nyumba akitaka kukutoa au kupandisha kodi, sharti akupe notisi ya miezi 2 kwa fomu maalumu, nawe una mwezi 1 wa kumjibu kwa maandishi. Ukipinga, shauri huenda kwenye jopo la kodi za majengo ya biashara. Kuja usiku kupachika kufuli lake hakuruhusiwi. Ila usilewe ulinzi huo: deni la miezi 2 ni mojawapo ya sababu ambazo sheria hiyo hiyo inampa za kutaka utoke.

Ndiyo maana usingoje mwezi wa pili. Nenda kwa mwenye nyumba kabla ya tarehe ya kodi, na daftari la mauzo mkononi. "Mzee, biashara ni mbaya" kila mtu anaisema. Mwoneshe wiki nne za kabla na wiki nne za sasa, na umwambie unaweza kutoa ngapi.

Hapo ndipo penye mtego. Wapangaji wengi huondoka barazani wakifurahi kwamba "mzee ameelewa," bila kujua ameelewa nini. Amesamehe, au amesogeza? Tuseme kodi ni 40,000 na mmekubaliana ulipe nusu kwa miezi 3. Ikiwa ni kusogeza, una deni la 60,000. Ukipewa miezi 6 ya kulilipa, kila mwezi utatoa 50,000, tena wakati wateja ndio kwanza wanaanza kurudi. Kwa maoni yangu, heri kupunguziwa 10,000 moja kwa moja kuliko kusogezewa 20,000. Mkikata kwenye amana, mseme itajazwa lini. Na ikiwa mwenye nyumba hutoza VAT (kodi ya serikali ya ongezeko la thamani), andikeni kama kiasi mlichokubaliana kina VAT ndani: 30,000 kwa asilimia 16 inakuwa 34,800, na ugomvi huanzia kwenye hiyo 4,800.

Wakili si lazima. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia: "Salaam aleikum mzee. Kama tulivyozungumza leo, kodi ya Aprili hadi Juni ni 30,000 kwa mwezi, na 10,000 iliyobaki umenisamehe. Nithibitishie tafadhali." Akijibu "sawa mwanangu," uhifadhi.

Nawe mwenye nyumba, hesabu yako iweke mezani pia. Kama jengo lina mkopo wa benki, zungumza na benki kabla ya mpangaji hajakujia, ujue una nafasi kiasi gani. Msimamizi wa nyumba ya wakfu ana kazi zaidi, kwa sababu kodi ile si yake, ina wenyewe. Asiahidi msamaha kabla hajawauliza. Na kabla ya kumwita dalali akamate mali, pita Mtaa wa Biashara uhesabu milango iliyofungwa, ujiulize nani atakuja kupanga mwezi ujao.

Jambo dogo la mwisho: usimpe mwenzio nusu ya duka ili mchangie kodi bila idhini ya mwenye nyumba. Leso zake zikianza kuning'inia mlangoni, mazungumzo yote yale yataanza upya.