Kabla ya kuwapa wazee huduma mpya ya simu waijaribu

Mkabidhi mzee simu yenye menyu mpya ya kutuma pesa, kisha muulize "unaionaje?" Atakujibu "nzuri, mwanangu", hata kama alikwama hatua ya pili. Wewe ni mgeni wake, na mgeni haambiwi kwamba alicholeta hakifai. Maandalizi yote basi yalenge kuiona mikono yake ikifanya kazi.

Wazee 6 hadi 8 kwa awamu moja wanatosha kuibua makosa makubwa. Ukisharekebisha, tafuta wengine, kwa kuwa wale wa kwanza wameshaikariri njia. Ukimwachia mjumbe au sheha akuchagulie, atakuletea waliochangamka: mwalimu mstaafu, karani wa zamani. Taja mwenyewe unaowataka: asiyejua kusoma, mwenye kitochi, mwenye mtoto wa jicho, na bibi ambaye mjukuu ndiye humbonyezea simu. Mjukuu akija, mpe kiti nyuma ya bibi yake na mkubaliane mapema kwamba hagusi kitu. Baadaye muulize ni hatua zipi huwa anamfanyia. Hizo ndizo zilizomshinda bibi.

Panga saa tatu na nusu hadi saa tano asubuhi, chai imeshanywewa na adhuhuri bado, dakika zisizozidi 45 kwa mtu. Epuka siku ya kliniki. Zanzibar, ambako wenye miaka 70 na zaidi hulipwa pensheni jamii tangu 2016, epuka pia siku ya malipo. Nauli itolewe kabla ya kuanza, mzee asije akadhani inategemea majibu yake.

Beba miwani ya kusomea ya +1.50, +2.00, +2.50 na +3.00. Wengi huacha yao nyumbani, nawe utalaumu ukubwa wa herufi bure. Weka laini ya majaribio yenye shilingi 10,000 na namba ya siri ya kubuni. Namba yake halisi usiiombe kamwe: ukiiomba mara moja, umemzoesha kumpa tapeli atakayepiga kesho. Ikiwa ni simu janja, kumbuka kwamba vidole vikavu vya uzeeni mara nyingi havisomwi na kioo. Hesabu amegusa mara ngapi bila kuitikiwa. Chumba kiwe kimya na mwanga usimpige machoni. Karatasi ya ridhaa isomwe kwa sauti, na dole gumba likubalike kama sahihi.

Andaa kazi tatu tu: angalia salio, mtumie dada yako shilingi 2,000, hakikisha zimefika. Akisita, hesabu kimoyomoyo hadi 20 kabla ya kumsaidia. Sekunde za kila hatua ziandikwe, kwa sababu menyu za kubonyeza nyota na reli hukatika mtu akichelewa. Anayesoma polepole hurudishwa mwanzo na kuamini ameharibu yeye. Neno "nimeharibu" liandike papo hapo, pamoja na hatua aliyokuwapo.

Maswali ya kutoa alama 1 hadi 5 yaache, heshima itakuletea 5 tupu. Mwombe badala yake amfundishe jirani aliyekuja naye. Anapofika mahali akasema "hapa unabonyeza tu", bila kueleza kwa nini, tia alama: hapo maneno ya menyu hayajaeleweka.