Jinsi ya kuweka alama za mikono na maneno kwenye video kwa ELAN, na namna ya kuua ile shida ya sauti kukimbia

Juzi nimekaa siku mbili na mdogo wangu mmoja anafanya masters ya isimu, ana video za mnada wa samaki pale Feri Dar, anataka kujua dalali na wanunuzi wanaelewanaje, maana ukisikiliza sauti peke yake ni kelele tupu na ukiangalia mikono peke yake nayo haitoshi, bei inatoka mdomoni, inatoka vidoleni, inatoka kwenye kidevu cha mtu aliyesimama nyuma ya watu watatu, vyote kwa mpigo. Yeye ni mtu wa tatu mwaka huu kuniuliza swali lile lile na wote watatu wamekwama sehemu moja, sehemu ambayo mimi ilinilia siku tisa wakati naanza. Kwa hiyo naandika yote hapa, kwa kutumia ELAN, programu ya kuweka alama kwenye video na sauti kufuata muda.

Kwanza elewa tunatafuta nini. Adam Kendon, mtafiti wa ishara, alishaonyesha zamani kwamba ishara ya mkono ina vipande vyake: mkono unajiandaa, unapiga (hapo ndipo maana ilipo), pengine unashikilia hewani, halafu unarudi kupumzika. Baadaye mwanasaikolojia David McNeill, kwenye kitabu chake cha 1992, akasisitiza kwamba lile pigo linatangulia kidogo au linakwenda sambamba na silabi yenye mkazo, halichelewi nyuma yake. Sisi kwenye Kiswahili tuna bahati kubwa hapa maana mkazo wetu karibu mara zote uko silabi ya pili kutoka mwisho, ti-SI-ni, the-ma-NI-ni, hauhitaji kuutafuta kwa tochi. Sasa tofauti tunayopima ni ndogo sana, ni milisekunde kama mia, mia mbili hivi. Ikiwa video yako na sauti yako zimeachana milisekunde mia tatu, hupimi dalali tena, unapima kosa la mashine. Ndiyo maana hatua ya 2 hapa chini ni ndefu kuliko zote, usiiruke hata kama una haraka.

Hatua ya 1: Kurekodi

Ongea na uongozi wa soko, pata ridhaa ya unaowarekodi, kibali cha chuo uwe nacho mkononi. Simu kwenye tripodi, ilale, usizumu, mikono ionekane kuanzia magotini mpaka juu ya kichwa, weka "flight mode" maana simu ikiingia katikati baadhi ya simu zinakata video. Sauti usitegemee maiki ya simu sokoni kabisa, mvalishe dalali maiki ndogo ya kubana kwenye shati yenye rekoda yake mfukoni, urekodi WAV kwa 48000 Hz (sampuli 48000 kila sekunde), sio MP3.

Na piga kofi moja kubwa mbele ya kamera mwanzoni, halafu piga jingine MWISHONI kabla hujazima chochote. La mwanzoni kila mtu analijua, la mwishoni hakuna anayelikumbuka, na la mwishoni ndilo litakalokuokoa.

Video usiitume kwa WhatsApp kutoka simu kwenda laptopu. Inabanwa. Tumia waya.

Hatua ya 2: Kunyoosha saa (usiguse ELAN kwanza)

Hapa tukae.

Siku tisa zangu zilipotelea hivi. Nilikuwa na video ya dakika arobaini ya simu na sauti ya rekoda, nikazioanisha kwa kofi la mwanzoni, zikakaa vizuri kabisa, mdomo na sauti pamoja, nikaanza kuweka alama kwa raha zangu. Nimefika dakika ya ishirini na kitu naona mikono inachelewa nyuma ya maneno, nikafurahi nikidhani nimegundua jambo jipya, nikaandika kurasa mbili za maelezo. Kumbe saa za vile vifaa viwili zilikuwa zinaachana taratibu. Alama zote nilizoweka nilizifuta nikaanza upya.

Matatizo ni mawili tofauti na watu wanayachanganya, kwa hiyo soma taratibu.

La kwanza ni simu yenyewe. Simu nyingi hazirekodi fremu (picha moja moja zinazounda video) kwa kasi moja, mwanga ukipungua zinapunguza fremu, wingu likipita tu tayari. Faili linasema fremu 30 kwa sekunde lakini ndani kuna sehemu zina 30, sehemu 27, sehemu 24. Programu moja inasoma muda ulioandikwa kwenye kila fremu, nyingine inahesabu fremu na kupiga hesabu, basi mahali pale pale kwenye video zinakupa muda tofauti. Dalili yake ni kwamba sauti na picha zinaachana halafu zinakutana tena halafu zinaachana, hazikai kwenye mwelekeo mmoja. Fungua faili kwenye MediaInfo, ni ya bure, angalia mstari wa "Frame rate mode", ukiona "Variable" ujue unayo hiyo shida. Usiulize kama yako inayo, simu yako inayo.

Dawa ni ffmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video na sauti kwa amri za kuandika. Najua watu wanapenda programu zenye vitufe, na HandBrake inafanya kazi hiyo ukichagua "Constant Framerate", lakini mimi nashikilia ffmpeg kwa sababu amri unaiandika mara moja, unaibandika kwenye daftari lako la utafiti, na mwaka kesho unajua ulifanya nini hasa. Vitufe huwezi kuvikumbuka. Amri ni hii:

ffmpeg -i mnada.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -g 15 -c:a aac mnada_30.mp4

Kama simu ilirekodi kwa 25 andika 25, usibadilishe kutoka 30 kwenda 25 bila sababu maana unatupa fremu. Ile -crf 18 inalinda ubora, usiweke 28 kwa sababu ya nafasi ya diski, vidole vitakuwa ukungu. Na ile -g 15 inalazimisha fremu kamili kila nusu sekunde, bila hiyo ukibofya katikati ya video programu inaweza kukuonyesha fremu ya jirani badala ya uliyoitaka na wewe hujui. Kwa fremu 30 kila fremu ni kama milisekunde 33, kwa 25 ni 40. Huo ndio usahihi wako wa mwisho wa mikono, huwezi kudai milisekunde 10 kwenye ripoti, usijaribu.

Tatizo la pili ni saa za vifaa viwili kutolingana. Hili linakwenda mwelekeo mmoja tu, kila dakika linaongezeka kiasi kile kile. Na hapa ndipo watu wote wanapoangukia, maana ELAN ina "Media Synchronization Mode" nzuri tu, lakini ile inasogeza faili mbele au nyuma, HAINYOOSHI. Inaoanisha mwanzo, mwisho hauugusi. Ukitumia hiyo peke yake kwa video ndefu umejidanganya.

Sasa lile kofi la mwishoni. Fungua sauti ya video na sauti ya rekoda kwenye Audacity (programu ya bure ya kuhariri sauti), pima umbali kutoka kofi la kwanza mpaka la pili kwenye kila moja. Tuseme kwenye video ni sekunde 2400.0 na kwenye rekoda ni 2400.4. Zimeachana milisekunde 400 kwa dakika arobaini, yaani 10 kila dakika, ndogo huioni ukiangalia dakika tano za mwanzo. Gawanya 2400.4 kwa 2400.0, zidisha kwa 48000, unapata 48008. Halafu:

ffmpeg -i rekoda.wav -af "asetrate=48008,aresample=48000" rekoda_sawa.wav

Hii inaichezesha sauti kwa kasi zaidi kidogo mno, sikio halisikii tofauti, na kofi la pili linaangukia mahali pake. Kama rekoda ndiyo fupi kuliko video namba itatoka chini ya 48000, ni sawa, amri ni ile ile. Wengine hutumia zile mbinu za kubadilisha mwendo bila kubadilisha toni, mimi sipendi, zinakata sauti vipande vidogo na kuviunga, na wewe baadaye unataka kupima silabi humo humo.

Fanya kwa mpangilio huu: nyoosha fremu KWANZA, toa sauti kwenye video iliyonyooshwa, ndipo upime makofi. Mdogo wangu alipima makofi kwenye video mbichi akapata namba, akanyoosha fremu, namba ikawa haifai tena, tukarudia. Na kama ulisahau kofi la mwishoni usikate tamaa, tafuta tukio kali linaloonekana na kusikika pamoja karibu na mwisho, sisi kwenye faili moja tulitumia ndoo iliyodondoshwa sakafuni, ilikaa vizuri tu.

Ukimaliza kagua sehemu tatu, mwanzo, katikati, mwisho. Katikati ndipo utajua kama tatizo la kwanza lilitoka kweli.

Hatua ya 3: Matabaka

Fungua ELAN (ni ya bure, inatoka taasisi ya Max Planck pale Nijmegen, Uholanzi), ingiza video na WAV, zioanishe kwa kofi, washa "Automatic Backup". Tengeneza matabaka (mistari ya alama inayokwenda sambamba na video) ya kila mtu: ishara nzima, vipande vya ishara, macho anaangalia wapi, maneno. Vipande vya ishara viwe mtoto wa ishara nzima, aina yake chagua "Included In" na sio "Time Subdivision", kwa sababu hiyo ya pili hairuhusu pengo katikati na mikono ya watu ina mapengo. Angalizo, ukifuta alama ya mzazi watoto wanaondoka nayo.

Tengeneza orodha funge ya majina (andaa, pigo, shika, rudi) usiwe unaandika kwa mkono, la sivyo utajikuta na "pigo", "Pigo" na "pgo" na kompyuta inahesabu vitu vitatu. Hifadhi yote kama templeti, faili la .etf, kila video mpya unaanzia hapo.

Hatua ya 4: Mikono, ukiwa umezima sauti

Zima sauti kabisa. Hili sitaki mjadala. Ukisikia "tisini!" jicho lako litaliona pigo pale pale kwenye tisini hata kama mkono ulishapiga zamani. Nimejipima mwenyewe kwa kurudia dakika kumi zile zile, na sauti na bila sauti, mipaka yangu ilihama na yote ilihamia upande wa neno.

Tembea fremu moja moja. Pigo linaanza mkono ukibadilisha mwelekeo au vidole vikishachukua umbo, linaisha mwendo ukisimama. Ukungu wa vidole unasaidia, fremu ikiwa na ukungu mkono uko njiani, fremu ikiwa safi umetua. Dakika moja ya mnada inachukua saa nzima au zaidi, panga muda wako hivyo na usimuahidi msimamizi masaa kumi ya video.

Usiishie kwa anayepaza sauti. Kwenye video yetu kuna mnunuzi mmoja hatamki neno dakika nzima, anapandisha kidevu tu, na kila akipandisha dalali anaongeza bei. Ukiweka tabaka la mikono pekee huyo mtu hayupo kwenye utafiti wako, na ndiye aliyeondoka na samaki.

(Kuna aliyeniuliza kama hii inafaa kwa wanyama. Inafaa, sokwe wa msitu wa Budongo kule Uganda ishara zao zinachambuliwa kutoka kwenye video, na watafiti wa sokwe wanatumia ELAN hii hii. Ila utaongeza matabaka mawili: kama aliyetoa ishara alisubiri huku anamwangalia mwenzake, na mwenzake alifanya nini baada ya hapo. Sokwe huwezi kumuuliza alimaanisha nini, kwa hiyo kile kinachomfanya aache kuomba ndicho kinachokupa maana.)

Hatua ya 5: Maneno

Washa sauti, ficha matabaka ya mikono. Kata kwa pumzi. Irabu zenye mkazo mimi nazipimia Praat (programu ya kuchambua sauti za lugha) halafu naingiza faili lake la TextGrid ndani ya ELAN, ni rahisi. Tanakali za sauti (pu! chubwi!) zipe alama ya peke yake, maana hizo mara nyingi zinakuja na mkono.

Hatua ya 6: Mtu wa pili

Mpe mwenzio sehemu moja kwa tano ya video, asione alama zako, mlinganishe kwa kappa ya Cohen, kipimo cha makubaliano ya watu wawili ambacho 1 ni makubaliano kamili. ELAN inapiga hesabu hiyo yenyewe. Chini ya 0.7 sisi tunakaa chini tunaangalia video pamoja na kuandika upya maelezo ya kila alama, hatubishani nani kakosea.

Hatua ya 7: Kutoa

Toa kama maandishi yenye tabo, chagua muda kwa milisekunde. Kabla hujaingiza kwenye R (programu ya takwimu) au Excel chukua mistari mitano bila kuchagua, urudi kwenye video, uangalie kwa macho kama muda ule mkono unafanya kweli kile kilichoandikwa. Mdogo wangu jana kanitumia yake mitano, minne sawa, wa tano umepitwa fremu moja. Nimemwambia aendelee.