Jinsi ya kugeuza mapipa ya mafuta kuwa lita na mita za ujazo bila kujichanganya

Kila tarehe 14 EPRA, wale wa kudhibiti nishati hapa Kenya, wakitoa bei mpya za mafuta, mle kwa tangazo huwa kuna gharama ya kuleta mafuta nchini, na hiyo wanaiandika kwa dola kwa kila mita moja ya ujazo. Halafu jioni unaskia kwa habari Brent, yale mafuta ghafi ya kupimia bei duniani, iko dola kadhaa kwa pipa, na watu wanaanza kulinganisha hizo namba mbili vile zilivyo. Haziendi hivyo jamani. Mimi nashinda na hizi hesabu kazini hapa Industrial Area, wacha nikuonyeshe.

Hatua ya 1: jua ni pipa gani

Pipa la kwa habari si lile drumu la bluu la kuweka maji unanunua Gikomba, hilo ni lita 200 na kitu. Pipa la mafuta ni galoni 42 za Marekani, galoni moja ni lita 3.785, kwa hivyo pipa ni lita 158.987. Ukitumia galoni ya Mwingereza ya lita 4.546 unapata karibu lita 191 na kila kitu kinachofuata kinaharibika.

Hatua ya 2: geuza ujazo

Mapipa kwenda mita za ujazo, zidisha kwa 0.158987. Kurudi, zidisha mita kwa 6.2898. Chukua tenka ya lita 36,000: gawa kwa 1,000 ni mita 36 za ujazo, mara 6.2898, mapipa 226.4. Ungetumia lita 200 za drumu ungeandika 180, yaani mapipa 46 yamepotea kwa karatasi tu na hakuna mtu ameiba.

Hatua ya 3: geuza bei

Hapa ndio wengi huteleza, kwa sababu bei inaenda kinyume na ujazo. Mita moja inabeba mapipa sita na zaidi, kwa hivyo bei ya mita lazima iwe kubwa kuliko ya pipa, ukiona imekuwa ndogo simama hapo hapo, umegawa mahali pa kuzidisha. Tuseme pipa ni dola 80: mara 6.2898 ni dola 503.18 kwa mita, gawa kwa 1,000 ni senti 50 za dola kwa lita, na dola ikiwa shilingi 130 hiyo ni kama bob 65. Sasa tangazo likisema dola 640 kwa mita, gawa kwa 6.2898, unapata 101.75 kwa pipa. Usikimbie kusema tunaibiwa hizo dola karibu 22 za juu, Brent ni mafuta ghafi, ile ya tangazo ni super (petroli) au dizeli iliyosafishwa tayari na kusafirishwa mpaka Mombasa.

Usikate 0.158987 iwe 0.16 ukiwa na mzigo mkubwa. Kwa meli ya mita 80,000 unakosea zaidi ya mapipa 3,000.

Na ukipewa tani, 6.2898 haikusaidii, tani ni uzito. Uliza densiti ya huo mzigo kwanza, yaani lita moja ina kilo ngapi, gawa kilo kwa densiti upate lita, ndio urudi hatua ya 2.